Manu Bay: je, mwaka mmoja wa kujifunza unatosha?

Msomaji mmoja, mzaliwa wa Kilifi anayesoma Hamilton huko New Zealand, ameniandikia hivi:

"Shikamoo. Nimejifunza kupanda mawimbi kwa mwaka mmoja katika ufukwe wa Ngarunui, Raglan. Sasa nasimama karibu kila wimbi, nageuka kushoto na kulia. Wenzangu wananiambia nihamie Manu Bay, lile wimbi maarufu la kushoto linalopiga kwenye mawe ya volkano. Natumia ubao wa sponji wa futi 8, natanguliza mguu wa kushoto, na kuogelea najua tangu utotoni. Je, niko tayari? Kusema kweli naogopa mawe kuliko mawimbi."

Marahaba, mdogo wangu. Sentensi yako ya mwisho ndiyo iliyonifanya nikae nikujibu kwa kirefu. Wengi wanaoniuliza habari za Manu Bay huuliza wimbi lina kasi gani, au ubao gani unafaa. Wewe umeuliza habari za mawe, na hapo ndipo kazi yote ilipo.

Nikupe jibu kwanza, maelezo yafuate. Kwa Manu Bay, ndiyo, uko karibu sana kuwa tayari, iwapo bahari ni ndogo, maji yamefika katikati ya kujaa na kukauka, na unaye mtu anayepajua wa kuingia naye. Kwa Indicators, ule mkono wa nje zaidi wa rasi hiyo hiyo, bado. Usishawishiwe.

Sasa tuanzie mlimani. Ukisimama Ngarunui ukatazama upande wa kusini-magharibi, unauona Karioi, mlima wa mita 756 unaoshuka mpaka baharini. Ni volkano iliyozimika, iliyojengeka zaidi ya miaka milioni 2 iliyopita. Lava yake ilipopoa ikawa mawe meusi mazito, na bahari imeyapasua na kuyaviringisha mpaka yakawa vipande vya kila ukubwa, kuanzia ngumi ya mtoto hadi jiko la gesi na zaidi. Mawe hayo ndiyo yaliyopanga ukingo wa pwani kutoka Indicators, kupitia Whale Bay, hadi Manu Bay. Ule mchanga mweusi unaokuunguza nyayo wakati wa joto pale Ngarunui nao ni wa asili ya volkano, umejaa chembe za chuma. Chukua sumaku siku moja uipitishe juu yake, utaona inavyoota ndevu.

Tofauti ya mchanga na mawe ndiyo tofauti ya maisha yako ya mwaka uliopita na maisha unayoyataka. Mchanga huhama. Dhoruba ya wiki hii huchimba shimo hapa na kurundika fungu pale, kwa hiyo Ngarunui ya Jumamosi si Ngarunui ya Jumanne, na wewe umejifunza kukimbizana na kilele kinachotokea popote. Mawe ya Karioi hayahami hivyo. Wimbi la Manu Bay huinuka pale pale lilipoinuka mwaka jana, na hufuata njia ile ile. Ndiyo maana watu huvuka dunia kulifuata. Na ndiyo maana unaweza kulisoma kama kitabu kabla hujaloa hata kidole.

Wimbi lenyewe hutoka mbali. Dhoruba za bahari ya kusini, huko chini ya Australia na Tasmania, husukuma maji siku baada ya siku, na mawimbi hayo husafiri kuelekea kaskazini-mashariki mpaka yakafika pwani ya magharibi ya New Zealand. Ukiona utabiri unasema sekunde 14 kati ya wimbi na wimbi, elewa kwamba kundi hilo linasafiri kama kilomita 940 kwa siku, na kwamba nguvu yake imeshuka chini sana ndani ya maji, zaidi ya mita 150. Wimbi la namna hiyo huanza kuigusa sakafu ya bahari zamani kabla hujaliona. Linapofika kwenye rasi, upande wake ulio karibu na mawe hupunguza mwendo kwa sababu maji ni haba, na upande ulio kwenye kina hubaki na kasi yake. Mstari wote unapinda, unaizunguka rasi kama mlango unaozunguka kwenye bawaba. Halafu unavunjika kuanzia kwenye bawaba hiyo kwenda nje, kidogo kidogo, hatua kwa hatua. Huko kuvunjika kwa zamu ndiko kunakokupa safari ya mita mia mbili na zaidi siku ikiwa njema, badala ya ile ya sekunde nne uliyoizoea.

Tunaliita la kushoto kwa sababu wewe uliye juu ya ubao, uso ukielekea nchi kavu, unakwenda kushoto kwako. Mtu aliyekaa kwenye nyasi za maegesho akitazama bahari ataliona likitembea kutoka kushoto kwake kwenda kulia. Weka hilo akilini, maana utakuwa unatazama kwanza kwa muda mrefu.

Hapa sasa ndipo penye swali lako la kweli. Kupanda wimbi la Manu Bay, kwa maana ya kusimama na kwenda nalo, ni rahisi kuliko unavyodhani. Uso wake umenyooka, unajua linakwenda wapi, linakusubiri. Mimi naamini mtu aliyejua kusimama Ngarunui atasimama Manu Bay wimbi lake la pili au la tatu. Matatizo yako kwenye ncha mbili: kuingia na kutoka.

Kuna njia mbili za kuingia. Ya kwanza ni kuruka kutoka kwenye mawe upande wa juu wa rasi. Utawaona wenyeji wakifanya hivyo bila kuchovya nywele, na utadhani ni kitu chepesi. Niliporuka mara ya kwanza nilisimama juu ya jiwe lenye mgongo kama wa kobe, ubao kwapani, kamba ya mguuni nimeishika mkononi isining'inie. Maji yalipovutwa kurudi baharini, nilisikia mawe madogo yakigongana chini yangu, krrrr, kama mtu anayemimina kokoto kwenye karai. Maji yakaacha chaza wakining'inia wakavu mbele ya vidole vyangu. Kisha yakarudi, yakapanda mpaka magotini, na huo ndio wakati wa kulala juu ya ubao na kwenda nayo yanapoondoka. Mimi nikasita. Nusu sekunde tu. Maji yakaondoka bila mimi, nikaruka kwenye maji ya kifundo cha mguu. Goti la kulia likapata jiwe, mapezi mawili ya ubao yakabaki pale, na wimbi lililofuata likanirudisha juu ya mawe kama gunia. Kovu lipo mpaka leo, na kila nikiligusa nausikia ule mlio wa kokoto.

Kwa hiyo wewe usiruke. Si mwaka huu. Ingia kwa njia ya pili, kwenye gati la mashua lililo chini ya rasi, ambako maji ni ya kina na mawimbi yamekwisha nguvu. Kutoka hapo piga mikono ukizunguka kwa nje, mbali na mahali mawimbi yanapovunjika, mpaka ufike wanapongojea wenzako. Ni safari ndefu, mabega yatalia, kwa sababu maji yote yanayosukumwa na mawimbi yaliyovunjika hutiririka kando ya rasi kurudi gatini, na wewe unakwenda kinyume chake. Ukikata kona ili kufupisha safari, utajikuta ndani ya povu, mkondo unakushusha, na ubao wako wa futi 8 haukubali kuzamishwa pua. Zunguka nje. Na kumbuka gati hilo ni la wavuvi: mashua zinashuka na kupanda tangu alfajiri, na nahodha anayetoka na jua machoni hakuoni. Pita pembeni, usikae kwenye njia yao.

Huo mkondo ndio utakaokuchosha, lakini ndio pia utakaokuokoa. Ukichoka, ukipoteza ubao, ukiingiwa na hofu, usipigane kurudi juu wala usikimbilie mawe yaliyo karibu nawe. Wengi wa pale huumia kwa sababu hiyo: wameona nchi kavu iko mita kumi, wakaielekea. Lala juu ya ubao, sogea kidogo upande wa bahari, uache mkondo ukushushe mpaka gatini. Utatoka kwa miguu yako mahali ulipoingilia.

Nirudi kwenye mawe, maana umeniambia unayaogopa. Wimbi huvunjika linapokuta kina cha maji kinachozidi kidogo urefu wake. Wimbi la mita 1 na nusu, basi, linavunjika mahali penye maji ya kama mita 2. Juu ya wimbi hilo, hukanyagi mawe. Utakutana nayo ukikawia kutoka, ukiendelea kulipanda mpaka limekwisha na kukupeleka mahali maji yamebaki kiunoni. Toka mapema. Geuza ubao upande wa bahari wimbi likiwa bado na mgongo, vuka juu yake, anza kupiga mikono. Na ukianguka, anguka bapa, kama mtu anayejitupa kitandani. Usichupe kichwa chini, usinyooshe miguu kutafuta sakafu. Ukiibuka, mikono itangulie kichwa, maana ubao wako uko juu mahali fulani. Na usisimame kwenye maji ya povu hata kama unaona ni ya gotini: mguu unaingia kati ya mawe mawili, wimbi linakusukuma, na kifundo kinabaki nyuma. Kutambaa juu ya ubao hakuna aibu.

Sisi wa Pwani tunayo nafasi moja ambayo wengi hawana: tumelelewa na bamvua, maji yanapojaa na kukauka sana, na maji mafu, yanapopanda na kushuka kidogo. Umekulia Kilifi, unajua mwamba unaoonekana saa nne asubuhi hauonekani saa kumi alasiri. Raglan nayo maji hupanda na kushuka kwa karibu mita 3 wakati wa bamvua, kwa hiyo ujuzi wako wa nyumbani unakufaa moja kwa moja. Kwa siku yako ya kwanza tafuta maji mafu, kwa sababu kupanda na kushuka ni kwa kiasi na mkondo haukimbii sana. Ingia maji yakiwa katikati na yanajaa. Maji makavu yanaanika mawe na kulifanya wimbi liwe kali zaidi. Maji yakijaa kabisa wimbi linalegea na mawe ya ukingoni yanapigwa moja kwa moja. Katikati una kina cha kutosha, na kadiri unavyochoka ndivyo mawe yanavyozidi kufunikwa.

Kitu ambacho Kilifi haikukufundisha ni mawimbi yenyewe kufika bila kuzuiwa. Kwetu matumbawe yako nje, yanapokea pigo, na ndani tunabaki na maji ya kupikia chai. Karioi haina ukuta wa mbele. Kilichotoka bahari ya kusini kinafika chote.

Kuhusu siku ya kuchagua: tafuta utabiri wa mawimbi ya mita 1 hadi 1 na nusu kutoka kusini-magharibi, sekunde kama 11 au 12, na upepo wa kusini-mashariki. Upepo huo unatoka nchi kavu, unaupiga uso wa wimbi na kuulainisha. Upepo wa kaskazini-magharibi unatoka baharini na kuuvuruga. Siku hiyo baki nyumbani usome. Ukiona mita 2 na sekunde 14, nenda Raglan kwa hakika, lakini nenda kutazama. Indicators itakuwa kubwa kuliko Manu Bay siku hiyo hiyo, kwa sababu iko nje zaidi na inapokea wimbi kabla halijapinda. Watu wawili wakiwa na utabiri mmoja wanaweza kuwa na siku mbili tofauti kabisa kwenye rasi moja.

Ubao. Huo wa sponji wa futi 8 umekulea vizuri, na kwa siku ndogo unatosha, hata una faida ya kutokuumiza wewe na wenzako. Ila kwa ile safari ya kuzunguka nje na kwa kugeuka haraka, ningependa uazime ubao mgumu wa futi 7 na kidogo, mnene, wenye ujazo wa kukubeba. Kagua kamba ya mguuni kila mara, mahali inaposhikamana na ubao na mahali inapokaza kifundo. Ngarunui kamba ikikatika unaogelea ufukweni. Manu Bay kamba ikikatika ubao unakwenda kwenye mawe na wewe unabaki bila chombo. Maji ya Juni hadi Agosti hushuka hadi nyuzi 14 hivi, na mwili uliopoa haufikiri vizuri, kwa hiyo suti ya mpira nene ya milimita 4 kifuani si anasa. Viatu vya mpira pia vivae. Mawe yenye mwani yanateleza kama sabuni.

Unatanguliza mguu wa kushoto. Maana yake kwenye wimbi la kushoto utakuwa umelipa wimbi mgongo. Wanaotanguliza wa kulia wanalitazama usoni, nao ndio wanaoipenda Raglan kama mama yao. Usivunjike moyo. Ukishasimama, bonyeza visigino, kunja magoti zaidi ya ulivyozoea, na geuza kichwa juu ya bega la kushoto mpaka uone sehemu ya wimbi iliyo mbele yako. Kichwa kikienda, mabega yanafuata, na ubao unafuata mabega. Kosa la wote wanaoanza kupanda kwa mgongo ni kutazama ufukwe, na ubao huwapeleka ufukweni, yaani kwenye mawe.

Sasa watu. Mahali wimbi linapoanza ni pale pale, kwa hiyo wote mnangojea mahali pamoja, na foleni ipo hata kama haionekani. Aliye karibu zaidi na pale wimbi linapovunjika ndiye mwenye wimbi. Ukimwona mtu amesimama upande wako wa kulia anakuja, wewe acha, hata kama umepiga mikono vizuri kiasi gani. Kumkatia mwenzako wimbi kwenye mchanga ni utovu wa adabu. Kwenye mawe ni kumtupa mtu mahali atakapoumia. Siku za kwanza kaa chini kidogo ya kundi, karibu na mwisho wa rasi, chukua yale yaliyowapita wakubwa. Salimia. Wakiona unangojea zamu yako kwa subira, kuna siku mzee mmoja atakuambia, "Hili lako, nenda," na hutalisahau wimbi hilo.

Ningependa pia uijue ardhi unayoikanyaga. Jina la Raglan ni la jemadari wa Kiingereza. Wamaori, wenyeji wa asili wa nchi hiyo, wanapaita Whāingaroa. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia serikali ilichukua ardhi ya Wamaori wa pale kwa ajili ya uwanja wa ndege wa kijeshi, na vita vilipokwisha haikurudishwa; sehemu yake ikageuzwa uwanja wa gofu. Mama mmoja, Eva Rickard, akasimama. Mwaka 1978 alikamatwa na wenzake pale pale kwenye uwanja wa gofu, hakurudi nyuma, na miaka ya 1980 ardhi ikarudi kwa wenyewe. Alifariki mwaka 1997. Namtaja kwa sababu nimeona wageni wakiegesha magari mbele ya malango ya watu Whale Bay na kupita kwenye viwanja vyao kana kwamba bahari imewapa ruhusa. Pita njia ya wote. Takataka zako ondoka nazo.

Na mawimbi yenyewe yana ulinzi wa sheria, jambo ambalo natamani tungelifikiria na sisi kwa miamba yetu. Sera ya kitaifa ya pwani ya New Zealand ya mwaka 2010 imeorodhesha sehemu 17 za mawimbi zenye umuhimu wa kitaifa, na Manu Bay, Whale Bay na Indicators zote tatu zimo. Anayetaka kujenga kitu kinachoweza kubadilisha wimbi hilo lazima alijibie.

Kabla hujaingia, nakupa kazi. Nenda Manu Bay mara tatu bila ubao. Ni kilomita 8 hivi kutoka mjini Raglan. Kaa kwenye nyasi juu ya gati, saa nzima kila mara, na saa mkononi. Hesabu kundi kubwa lina mawimbi mangapi na shwari inadumu dakika ngapi kabla kundi jingine halijaja. Chagua mtu mmoja na umfuate kwa macho tangu anaingia mpaka anatoka: aliweka wapi miguu, alizunguka umbali gani, alishushwa na mkondo mpaka wapi. Tafuta jiwe moja ambalo maji huchemka juu yake bila wimbi, na ulikumbuke lilipo ukilinganisha na kitu cha nchi kavu, nguzo au mti, kwa sababu kutoka majini halitaonekana. Waokoaji hukaa Ngarunui majira ya joto. Manu Bay macho yako ndiyo mwokoaji wa kwanza, na mwenzako ndiye wa pili. Mwachie aliye nchi kavu namba ya dharura, 111, na mwambie utatoka saa ngapi.

Ukimaliza siku hizo tatu niandikie tena. Niambie mawimbi mangapi, dakika ngapi, na lile jiwe liko usawa wa nguzo ipi. Nami nitakuambia uingie Jumamosi ipi.